Kwenda Glasgow kwa Kipimo cha Texas

Gari la kukodi lina harufu yake, ya plastiki mpya na sabuni, na harufu hiyo haifui dafu mbele ya familia ya Kibukusu iliyofungasha chakula cha safari. Jumamosi ile asubuhi, mbele ya nyumba yetu pale Harborne, Birmingham, mama aliingiza garini kuku wa kukaanga, chapati zilizokuwa bado zinafuka mvuke, mayai ya kuchemsha, ndizi mbivu, na chupa mbili za chai ya maziwa iliyokolea tangawizi. Tulipofika kwenye taa za kwanza za barabarani, gari lilikuwa limeshageuka jiko. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikaa kiti cha nyuma, gauni langu la rangi ya waridi likining'inia dirishani ndani ya mfuko wa nailoni, na nilikuwa na furaha tele. Tulikuwa tunakwenda Glasgow kwenye harusi ya Anti Sella, mdogo wake mama, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kumwaga maua.

Dereva wetu alikuwa Mjomba Barasa, kaka yao, aliyekuwa amekuja kutoka Texas kwa ajili ya harusi hiyo. Kazi yake huko ilikuwa kuendesha malori makubwa kutoka jimbo hadi jimbo. Alitua kwetu amevaa buti za ngozi zenye ncha, na mkanda ambao chuma chake cha mbele kilikuwa kikubwa kama kisosi. Mama alimtazama pale uwanja wa ndege kuanzia kichwani mpaka kwenye ncha za buti. "Barasa, hii ni nini sasa?" Mjomba akajibu bila haya yoyote kwamba hivyo ndivyo watu wa kwao wanavyovaa. Kwao! Mtu aliyezaliwa Bungoma, magharibi mwa Kenya, akachunga ng'ombe wa babu yangu pembeni mwa shamba la miwa, leo anasema kwao ni Texas. Lakini alikuwa anasema kweli kwa namna yake. Waliosema mkataa kwao ni mtumwa hawakukutana na mjomba wangu, aliyekuwa na kwao kuwili na hakukataa hata kumoja.

Kila jioni baada ya chakula alituhadithia juu ya majimbo, nami sikuwahi kusikia hadithi tamu kama zile. Shuleni nilikuwa nimefundishwa kwamba Marekani ni nchi moja. Mjomba alicheka sana aliposikia hivyo. Kwake yeye ilikuwa kama Kenya tu, kila watu na tabia zao na utani wao. Alianzia maisha ya Marekani Minnesota, kwenye theluji, na alisema watu wa huko ni wapole kiasi kwamba mtu akikukasirikia anakuletea keki, nawe utajua umekosa kwa kuona keki haina sukari ya kutosha. Watu wa New York huongea kama mtu anayekimbilia basi. Georgia wanakusalimu mpaka unasahau ulichofuata dukani. Watu wa Oklahoma na watu wa Texas wanataniana kama Wabukusu na Wamaragoli, juu ya chakula, juu ya mpira, juu ya nani aliyemfundisha mwenzake adabu. Nebraska barabara imenyooka, na mjomba aliapa kwamba aliwahi kula kuku mzima na kumenya machungwa akiwa njiani, usukani akiugusa kwa heshima tu. "Na Texas?" niliuliza kwa Kiingereza, maana siku zile Kiswahili nilikisikia vizuri lakini ulimi wangu ulikuwa wa Birmingham. Mjomba akaegemea kiti. "Texas, mtoto wangu, unaamka Texas, unaendesha mchana kutwa, na ukilala unalala Texas."

Tulipomweleza kuhusu watu wa Sutton Coldfield, ambao mji wao umo ndani ya Birmingham na bado ukiwaita watu wa Birmingham wanakunja uso, alifurahi mno. Alisema kila jimbo alilopita lina Sutton yake. Kitu kimoja tu cha Uingereza kilimkera, nacho kilikuwa udogo wake. Alishika kitabu cha ramani cha mama, akapima kwa vidole kutoka Birmingham hadi Glasgow, akakirudisha mezani kama mtu aliyepimiwa unga pungufu. "Maili mia tatu? Hiyo si safari, sista. Hiyo ni kwenda dukani na kurudi."

Mama alitaka twende na treni ya Ijumaa, tulale huko. Alikuwa na sababu. Babu mzaa mama alikuwa amefariki, na kukhu, yaani nyanya yangu, alikuwa amenyimwa viza mara mbili. Baba yangu alikuwa Bungoma akimuuguza baba yake. Katika ukoo mzima, watu watatu tu ndio wangekuwapo kumsindikiza Sella: mama, mjomba na mimi. Upande wa bwana harusi, kijana mmoja mwalimu aliyeitwa Iain, shangazi peke yao walijaa mabenchi mawili. Anti Sella alikuwa amemwambia mama kwa simu, na mimi nilisikia kwa sababu simu ile ilipaza sauti, "Nikiingia pale peke yangu kama mtu aliyeokotwa, Agneta, mimi sitaolewa siku hiyo." Na kanisa lenyewe lilikuwa na harusi nyingine nyuma ya yetu, kwa hiyo kuchelewa sana maana yake ilikuwa kukosa nafasi. Mama aliyajua yote hayo. Lakini mjomba alisema dereva wa Texas kupanda treni ni sawa na mpishi kununua chapati, na mama, ambaye hakuwa amemwona kaka yake kwa miaka mingi, akalegea.

Kosa halikuwa gari. Kosa lilifanyika Jumapili iliyotangulia, kanisani. Ibada yetu ya Kiswahili tuliifanyia kwenye ukumbi mmoja kule Tyseley, karibu na karakana ya treni na tanuri la kuchomea taka, ambako upepo ukigeuka unaleta harufu ya takataka mpaka madhabahuni na mchungaji anaongeza sauti kana kwamba harufu ile ni Shetani. Kama ilivyo desturi, wageni waliombwa wasimame wasalimie. Mjomba akasimama na buti zake. Akamsifu Mungu, akaleta salamu kutoka Texas, na salamu zilipokwisha hakukaa. Akawaambia watu wote kwamba Jumamosi ataendesha gari kwenda Glasgow, na kwamba mwenye ndugu njiani amtume. Mama aliinamisha kichwa kama mtu anayesali. Mkenya yeyote, Mkongomani yeyote, Mtanzania yeyote aliyekuwa mle ndani alijua kilichotokea. Ukipita mjini kwa mtu wako bila yeye kujua, huna hatia. Akijua kwamba utapita, nawe usiingie, umemtukana yeye na watoto wake. Na mjomba alikuwa amewajulisha Waswahili wa barabara nzima ya kaskazini.

Simu ya kwanza ililia kabla hatujamaliza yai la kwanza. Alikuwa Mama Furaha, mwanamke wa Bukavu aliyewahi kuwa jirani yetu kabla ya kuhamia Stoke, na ambaye mama alimshika mkono alipojifungua mtoto wake wa mwisho. Mama alijaribu kujieleza. Sauti ya Mama Furaha ikajaza gari. "Mais non, dada! Mutapita ku mulango yangu sawa vile hatujuane? Muingie, mukule, njo muende." Tukatoka barabara kuu. Tulikuta meza imetandikwa sombe, yaani kisamvu cha Kikongo, samaki na wali, saa ambayo Waingereza wako kwenye mkate na siagi. Mjomba alikula kama mtu aliyetoka gerezani. Mama alikula akiwa amesimama, mkoba begani, jambo ambalo halikumsaidia, kwa sababu Mama Furaha alimvua ule mkoba akauficha chumbani mpaka sahani ilipokuwa nyeupe.

Baada ya hapo tukaingia kwenye msongamano wa magari karibu na Manchester. Mjomba, aliyezoea barabara ambazo unaweza kusinzia na kuamka ukakuta hakuna kilichobadilika, akaanza kuiuliza Uingereza maswali. Kwa nini kuna mizunguko kila mahali? Hawa watu wanaogopa nini kunyoosha barabara? Nami nilikuwa nacheka mpaka chai inanitoka puani. Ndipo simu ya pili ikalia, ya Baba Neema wa Preston, Mtanzania aliyekuwa akisoma huko, na ambaye dada yake aliimba kwaya moja na mama. Mama akamwambia hatuna muda. Baba Neema akasema kwa upole kwamba anaelewa kabisa, haraka haraka haina baraka lakini harusi ni harusi, hivyo hatatuchelewesha, tuingie tu dakika moja tunawe uso. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko ukali wa Mama Furaha. Tuliuliziwa habari za safari, habari za tulikotoka, habari za huko tuendako, habari za Texas, tukapewa pole kwa kila maili, na ndipo maandazi yakaanza kukaangwa. "Nimefika Georgia," mjomba akaninong'oneza. Mke wake Baba Neema alinisuka upya nywele zangu zilizokuwa zimefumuka, akanitia shanga nyeupe, na mimi nilitamani dakika ile moja isiishe. Mama alikuwa dirishani akitazama gari.

Milima ilipoanza, na kondoo, na kuta za mawe zisizo na mwisho, jua lilikuwa limeshafika utosini na kuanza kuteremka. Anti Sella akapiga simu kuuliza tuko wapi, na mama akafanya kile ambacho kila Mkenya hufanya, akasema, "Tuko karibu. Tuko hapa tu." Kisha nikasikia sauti ya anti, ndogo kabisa, ikisema, "Agneta, nimekaa na wewe Kenya miaka yote hiyo. Hapa tu ni wapi?" Mama akafumba macho akasema ukweli, kwamba hata Skotilandi bado hatujaingia. Anti Sella alikata simu bila kuaga.

Hapo ndipo mama alipolipuka. Alimwambia mjomba kwamba yeye na Texas yake, na mdomo wake, wamemharibia mtoto wa watu siku yake. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, alisema, na leo tutakuta bibi harusi si wetu. "Ni nani alikutuma usimame kanisani utangaze, Barasa? Ni nani?" Mjomba akasema, taratibu, "Sista, mimi huendesha kutoka Texas mpaka juu kabisa kule Washington. Siku tatu. Napita miji, napita mashamba, napita watu. Hakuna hata mmoja anajua nimepita. Hakuna mtu ananiuliza, Barasa, umekula? Sasa niliposimama pale kanisani, nikaona watu wananiangalia kama mtu wao. Nikasema tu." Mama akafungua karatasi aliyofungia kuku, akachagua paja, akamshikia mdomoni huku mjomba akiendesha, akamlisha mpaka likabaki mfupa. Hakusema pole, wala mjomba hakuomba msamaha. Nilihisi hewa imerudi garini, nikaanza kuimba, na wote wawili wakaitikia.

Nilivaa gauni langu garini, miguu imeelekea juu, mjomba akiapa kwamba haangalii kioo. Mama alijifunga kitenge alichotumiwa na kukhu kutoka Bungoma, akakifunga juu ya suruali ya jinzi kwa sababu nafasi ya kuvua haikuwapo. Tulipoingia mtaa wa lile kanisa, kanisa la mawe yaliyokuwa meusi kwa moshi wa zamani, muda wetu ulikuwa umepita kitambo. Mjomba akafungua dirisha aulize mahali pa kuegesha. Badala ya jibu, tukasikia wimbo. Ulikuwa wimbo wa Kiswahili, na ulikuwa na ngoma.

Anti Sella alikuwa amesimama mlangoni na shela lake, uso umelowa, na kumzunguka pande zote walikuwapo wanawake waliovaa vitenge vya sare moja, wakiimba na kuyumba, watoto mbele, wanaume nyuma. Wageni wa harusi ya pili, wanaume wa Kiskoti na sketi zao za miraba, walikuwa wamejipanga ukutani wakipiga makofi, na mchungaji alikuwa ameshaacha kutazama saa. Anti alipomwona mama akishuka garini, alishika gauni lake kwa mikono miwili akashuka ngazi mbio. Wakakumbatiana mpaka shela likaanguka. "Nilisema siingii," anti alilia, huku akicheka. "Niliwaambia siingii!" Mama akamfuta uso kwa ncha ya kitenge cha mama yao, halafu akawatazama wale waimbaji akauliza, "Sella, hawa ni akina nani?"

"Hata mimi siwajui," Anti Sella akasema. "Wamesema ni wa kwetu."

Ilikuwa hivi. Mama Furaha, tulipoondoka kwake, aliona ametukalisha mno, roho ikamsuta. Akampigia wifi yake aliyekuwa akiishi Glasgow, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani wa huko, akamwambia kuna bibi harusi Mkenya ambaye watu wake wako njiani na wamechelewa, asiachwe peke yake. Wifi yake akawapigia wengine. Walikuwa mazoezini, wakaja na ngoma zao. Walimwomba mchungaji wamwimbie bibi harusi nyimbo mbili wakati anangoja watu wake, na yeyote aliyewahi kusikia kwaya ya Kikongo anajua nyimbo mbili ni muda gani. Harusi ya pili ikakubali kusogezwa mbele kidogo. Simu zilezile zilizotuchelewesha ndizo zilizotungojea.

Nilimwaga maua yangu yote hatua tano za kwanza, kwa furaha, nikatembea sehemu iliyobaki nikiwapungia watu mkono. Upande wetu wa kanisa haukuwa na benchi tupu hata moja. Na mchungaji alipouliza ni nani anayemtoa binti huyu, Mjomba Barasa, mtu wa maneno, mtu wa majimbo hamsini, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Machozi tu yalimshukia hadi kwenye ule mkanda wake. Ndipo mwanamke mmoja wa kwaya, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyejua jina lake, akanyanyuka akaitikia, "Ni sisi!" Na upande mzima wa kushoto ukasimama. "Ni sisi!"

Sasa mimi ni mtu mzima na barabara ile naiendesha mwenyewe. Nina simu inayoniambia nipinde wapi na nitafika saa ngapi, nayo haikosei. Nikipita Stoke, Preston na milima ya kondoo, hakuna anayejua, maana sitangazi, na nikisikia njaa nanunua mkate wa baridi kwenye kituo cha mafuta na kuula garini. Nafika Glasgow kwa saa tano, safi kabisa, sina hata punje ya wali kwenye nguo. Mjomba bado yuko Texas. Mgongo ulimtoa kwenye malori, lakini nikimpigia huniuliza kwanza nimekula nini. Na mara nyingi hatusafiri kabisa. Mwaka juzi, binti mkubwa wa Anti Sella alipopokea kipaimara, tulihudhuria sote kwa skrini: Texas walikuwapo, Bungoma walikuwapo, Birmingham tulikuwapo, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo wetu hakuna aliyechelewa. Ibada ilipokwisha nilizima skrini, nikaenda jikoni kuosha kikombe kimoja.

Mwaka huu ni zamu ya mdogo wake. Anti Sella amenipigia juzi kuniambia nisijisumbue, atanitumia kiungo cha mtandao kama mara ile. Nikamwambia kwa Kiswahili, kwa sababu siku hizi ulimi umekomaa, kwamba safari hii nakuja kwa gari, na watoto wangu, na nitawaambia watu kwamba nakuja.

"Wee!" akasema. "Basi utachelewa."

"Ndiyo, Anti," nikamwambia. "Nitachelewa sana."